SOMO: MATE KATIKA KICHUPA

Ndugu wafanyakazi, somo letu la mara hii linahusu kitu ambacho wengi wetu hatujakinunua na huenda hatutakinunua kamwe, lakini kinatuhusu. Katika Marekani na Ulaya yapo makampuni yanayouza kisanduku kidogo kwa njia ya posta. Ndani yake mna kichupa. Mnunuzi hukaa nyumbani kwake, hutema mate mpaka yafike kwenye alama, hukifunga kichupa na kukirudisha kwa posta. Baada ya majuma machache hupata majibu: mababu zake walitoka pande gani za dunia, ana jamaa gani asiowajua, na pengine ana hatari ya kupata ugonjwa fulani. Bei imekuwa kama dola 100, mara nyingi chini ya hapo. Mamilioni ya watu wamefanya hivyo, wengine kwa kujifurahisha tu, wengine wamepewa kisanduku kama zawadi ya Krismasi.

Swali la mfanyakazi ni hili: majibu yakisha kuja, yale mate yako wapi, na habari zilizotolewa ndani yake ni mali ya nani?

Kwanza tuelewe kilichomo. Katika chembe za mwili wetu mna maandishi yanayoitwa vinasaba, au kwa kifupi DNA. Nusu tumeipata kwa mama na nusu kwa baba. Wafanyakazi wa mashamba ya chai wana mfano mbele ya macho yao. Miche iliyokuzwa kutokana na vipandikizi vya mti mmoja hufanana yote. Ukijua mti mama hauhimili ukame, umejua habari za shamba zima bila kupima kila mche. Binadamu hatufanani kiasi hicho, lakini kanuni ni ile ile. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hulingana kwa wastani nusu ya vinasaba vyao. Mabinamu hulingana sehemu moja kwa nane hivi.

Kwa hiyo ndugu yako aliyehamia Minnesota au London akitema mate katika kichupa, ametoa habari zako pia, wewe uliyeko Kakira unakata miwa. Hukuulizwa, wala hukutia sahihi popote.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph James DeAngelo, ambaye naye aliwahi kuwa polisi, kwa mauaji na ubakaji wa miaka ya 1970 na 1980. Walichukua DNA ya mhalifu iliyohifadhiwa tangu siku zile, wakailinganisha na orodha ya GEDmatch, mahali ambapo watu hupeleka majibu yao wenyewe ili watafute jamaa. Wakapata ndugu wa mbali, wakafuata ukoo hatua kwa hatua mpaka mlangoni kwake. Hakuna atakayemlilia mtu huyo; mwaka 2020 alikiri mauaji 13 na akafungwa maisha. Lakini njia iliyotumika haichagui mwema na mwovu. Mwaka huo huo wa 2018 wataalamu waliandika katika jarida la Science kwamba, kwa orodha ya watu kama milioni 1.3 tu, takriban asilimia 60 ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya wangeweza kupatiwa jamaa ambaye wanachangia naye babu wa babu, au wa karibu kuliko huyo. Ukishampata jamaa huyo, kilichobaki ni kazi ya kuuliza na kupekua karatasi.

Tuseme kweli yote: chombo hicho kimefanya wema pia. Huko Nanyuki, nchini Kenya, karibu na kambi ya mazoezi ya jeshi la Uingereza, wapo watoto waliozaliwa na askari waliokwenda zao. Wanasheria wametumia orodha za namna hii kuwapata baba zao kupitia jamaa waliojipima, na mahakama ya Uingereza imethibitisha ubaba wa watoto kadhaa. Yule mama aliyelea peke yake hana sababu ya kulaumu orodha. Nguvu ya kitu hiki ni ile ile kote. Tofauti ni nani anaishika na kwa amri ya nani.

Basi tumwangalie anayeishika. Kampuni mashuhuri katika biashara hii ni 23andMe ya California, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kuuza visanduku kulikuwa sehemu moja tu ya biashara. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, GlaxoSmithKline, ilitia dola milioni 300 katika 23andMe ili ipate kutafuta dawa kwa kutumia habari za wateja waliokubali zitumike katika utafiti. Piga hesabu hiyo, wewe unayelipwa kwa kilo ya majani: mtu analipa ili apeleke malighafi, kisha malighafi yake inaleta mamilioni, na yeye hapati hata senti. Walikubali, ndiyo. Walitia alama penye neno la kukubali, chini ya maelezo marefu ambayo ni wachache wenye subira ya kuyasoma.

Mwaka 2023 wezi waliingia. Hawakuvunja ukuta. Walichukua maneno ya siri yaliyoibwa kwingine, wakayajaribu hapo, kwa kuwa watu wengi hutumia neno moja kila mahali. Akaunti walizozifungua zilikuwa kama 14,000. Lakini kila akaunti ilionyesha jamaa za mwenye nayo, hivyo wakatoka na habari za watu wapatao milioni 6.9. Orodha za kwanza walizozitangaza kuziuza zilikuwa za watu wenye asili ya Kiyahudi na ya Kichina. Sisi wa nchi hizi, tunaokumbuka Rwanda mwaka 1994, ambako neno moja la kabila katika kitambulisho lilitosha kumuua mtu kizuizini, hatuhitaji kuelezwa maana ya orodha kama hiyo mikononi mwa watu wasiojulikana.

Kisha kampuni ikafilisika. Machi 2025 iliomba ulinzi wa mahakama, na mali yake kubwa ya kuuza ilikuwa habari za wateja zaidi ya milioni 15. Mwanasheria Mkuu wa California aliwakumbusha wananchi haki yao ya kudai zifutwe, na wateja wapatao milioni 1.9 walidai hivyo. Majimbo zaidi ya 20 yalikwenda mahakamani kupinga mauzo yasiyo na ridhaa ya kila mteja. Mwishowe, Julai 2025, mali ilichukuliwa kwa dola milioni 305 na shirika lisilo la faida linaloongozwa na Anne Wojcicki, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ile ile. Huenda atazitunza vizuri. Lakini mteja wa mwaka 2010 aliyemwamini muuzaji mmoja hakujua kwamba siku moja hakimu wa mambo ya kufilisika angeamua mate yake yaende wapi, pamoja na viti na meza.

Wako watakaouliza: si daktari anafungwa na siri ya mgonjwa? Daktari, ndiyo. Lakini sheria ya Marekani ya siri za matibabu inazifunga hospitali, madaktari na makampuni ya bima ya afya. Muuza visanduku kwa kawaida hahesabiwi humo. Kinachomfunga zaidi ni ahadi aliyoiandika mwenyewe, na sheria za majimbo machache. Ufaransa imechukua njia nyingine: imepiga marufuku kabisa biashara hii, na anayejipima kwa njia hiyo anaweza kutozwa faini ya euro 3,750.

Sasa tuje kazini, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito.

Kampuni ya reli ya Marekani, Burlington Northern Santa Fe, ilikuwa na mafundi wa njia ya reli waliopata ganzi na maumivu ya viganja kwa kushika mashine zinazotetemeka mwaka baada ya mwaka. Walidai fidia ya kuumia kazini. Kampuni ikawaita kwa uchunguzi wa daktari na kuwatoa damu. Hawakuambiwa kwamba damu yao ilipelekwa kutafutwa hitilafu ya vinasaba, ya nadra sana, ambayo humfanya mtu apate udhaifu wa neva kwa urahisi. Mmoja aliyetia shaka akakataa kutoa damu alitishiwa adhabu. Chama chao, Brotherhood of Maintenance of Way Employees, kilisimama nao, na Februari 2001 Tume ya Usawa katika Ajira ya Marekani ikaishitaki kampuni. Muda wa miezi miwili haukupita kampuni ikakubali kuacha vipimo hivyo, na mwaka 2002 ikakubali kulipa dola milioni 2.2 kwa wafanyakazi 36.

Tazameni vizuri kampuni ilikuwa inatafuta nini. Haikutafuta dawa ya viganja. Ingepata hitilafu ile kwa mtu mmoja, ingesema: ugonjwa huu umetoka kwa mama yako, haukutoka kwenye mashine yetu. Fidia ingekufa papo hapo, na mashine ingeendelea kutetemeka mikononi mwa mwingine. Yeyote aliyewahi kudai fidia ya mapafu katika kiwanda cha pamba, au ya mgongo katika shamba, anaijua hoja hiyo hata kama mwajiri wake hajawahi kuisikia DNA. Huulizwa kwanza kama baba alikuwa na pumu.

Kisa kingine kinatugusa karibu zaidi. Maabara ya Lawrence Berkeley huko California iliwapima wafanyakazi weusi chembe za selimundu bila kuwaambia, na wengine kaswende na mimba, katika damu na mkojo waliotoa kwa uchunguzi wa kawaida. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wana haki ya kushitaki. Katika Uganda watu wengi wanabeba chembe hiyo nao ni wazima kabisa. Kuijua ni jambo jema kwa wanaotaka kuoana. Mwajiri kuijua kwa siri ni jambo jingine.

Baada ya mapambano ya miaka mingi Marekani ilipata sheria mwaka 2008, inayojulikana kwa kifupi GINA. Inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kuomba au kutumia habari za vinasaba katika kuajiri, kupandisha cheo au kufukuza, na inahesabu hata historia ya magonjwa ya ukoo kuwa habari hizo. Ghala moja karibu na Atlanta lilijifunza kwa gharama. Kulikuwa na mtu anayekwenda haja kubwa ndani ya ghala (samahani, ndivyo ilivyokuwa), na wakubwa wakawapangusa wafanyakazi wawili mashavu kwa ndani ili walinganishe DNA. Hawakuwa wao. Mwaka 2015 baraza la mahakama liliwapa zaidi ya dola milioni 2, ingawa baadaye kiasi kilipunguzwa. Lakini sheria hiyo ina tundu kubwa: haigusi bima ya maisha, bima ya ulemavu, wala bima ya matunzo ya uzeeni. Wakala wa bima ya maisha anaweza kukuuliza kama uliwahi kujipima.

Kwetu, Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazitaja habari za vinasaba miongoni mwa zile nyeti. Ya Tanzania ya mwaka 2022 vivyo hivyo. Ya Uganda ya mwaka 2019 inalinda kwa namna ya pekee hali ya afya na kumbukumbu za matibabu. Sheria ipo kwenye karatasi. Mlango wa zahanati ya shamba uko mbele yako. Unapotolewa damu wakati wa kuajiriwa, uliza inapimwa nini, majibu atayaona nani, na chupa inakwenda wapi. Ukipewa fomu inayouliza magonjwa ya wazazi wako, hicho ni kipimo cha vinasaba kisichohitaji kichupa. Mwonyeshe mwakilishi wako wa chama kabla ya kutia sahihi.

Mkataba unapojadiliwa tena, tawi linaweza kudai kifungu kifupi: mwajiri hatapima wala kuuliza habari za vinasaba vya mfanyakazi au za jamaa zake, na damu iliyotolewa kwa kipimo kimoja haitatumika kwa kingine bila ridhaa ya maandishi.

Na wale walio na ndugu ng'ambo, waandikieni. Aliyekwisha kujipima anaweza kufungua akaunti yake, akaomba habari zifutwe na mate yaliyohifadhiwa yaharibiwe. Utafiti uliokwisha kufanywa hautarudishwa nyuma.

Maswali ya kujadili tawini: Zahanati ya mwajiri wetu hupima nini, na nani ana ufunguo wa kabati la mafaili? Kuna mwanachama aliyewahi kunyimwa fidia kwa kuambiwa kwamba ugonjwa wake ni wa kurithi? Tangu mwaka 2023 wanaume wengi Uganda wamekwenda kupima kama watoto ni wao: majibu hayo yanapaswa kuwa siri ya nani, ya baba aliyelipa, ya mama, au ya mtoto ambaye hakuulizwa?