Shangazi amjibu kijana wa Mbwera: Mashine ya boti isiuzwe

Barua imeandikwa kwa kalamu ya bluu, pande zote mbili za karatasi ya daftari, ikapigwa picha na kutumwa kutoka duka la steshenari mjini Kibiti. Aliyeiandika ana miaka 21, mzaliwa wa Mbwera katika delta ya Rufiji. Mwaka 2025 alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, kwa daraja la kwanza la pointi 7. Sehemu kubwa ya barua yake inasema hivi:

“Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtoto wa tatu kwetu. Baba anavua kamba na mama analima mpunga. Mwaka jana wakala mmoja wa Dar es Salaam aliniambia kwamba kwa matokeo yangu nisihangaike na vyuo vya hapa, atanipatia chuo Marekani pamoja na viza. Nikaacha kuomba chuo na mkopo. Tumeshampa laki nane za kufungua faili. Sasa anataka milioni sita na nusu: za viza, za nafasi ya chuo na za kuniandikia insha. Baba anataka kuuza mashine ya boti. Mama halali, analia. Pale bandarini wenzangu wameshanibatiza Mmarekani, na mimi naona haya kurudi nyuma. Shangazi, nifanye nini?”

Shangazi anaitikia marahaba, kisha anaanza na mashine.

Msomaji wa Dodoma au Arusha huenda asielewe uzito wake. Mbwera ni maji na mikoko. Mashine hiyo ndiyo inayompeleka baba kwenye kamba, ndiyo inayovusha magunia ya mpunga, na usiku mama mjamzito akizidiwa ndiyo inayomfikisha Nyamisati, ambako angalau kuna barabara ya kwenda Bungu na Kibiti. Ikiuzwa, baba anarudi kwenye kasia na upondo, na wadogo zake kijana huyu ndio watakaokosa sare na madaftari. Shangazi hapingi mzazi kumuuzia mtoto mali ili asome. Anapinga mali hii kwenda kwa mtu huyu, mwaka huu.

Liko jambo ambalo wakala amelinyamazia. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Donald Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya kuingia Marekani. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 viza za F, yaani za wanafunzi wa vyuo, zilisimamishwa kwa Watanzania isipokuwa kwa watu wachache wenye sababu maalumu. Za M na J nazo zimo, na za matembezi pia. Waliokuwa na viza halali kabla ya hapo hawakufutiwa. Tangazo lenyewe linataka orodha ipitiwe kila baada ya siku 180, kwa hiyo hali inaweza kulegezwa au kukazwa, na mahali pa kuitazama ni tovuti ya Ubalozi wa Marekani. Mtu anayedai fedha ya viza ya mwanafunzi bila kutaja habari hii, ama haijui kazi yake, ama anaijua na ameamua kuificha. Kwa familia ya Mbwera yote mawili ni hasara ileile.

Hata mlango ungekuwa wazi, hesabu zake hazikai sawa. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ni dola 185. Ada ya kumwingiza mwanafunzi katika mfumo wa kumbukumbu unaoitwa SEVIS ni dola 350. Jumla ni dola 535, ambazo kwa viwango vya karibuni vya kubadilisha fedha hazifiki milioni moja na nusu. Tena hulipi SEVIS kabla hujapata fomu ya I-20, ambayo chuo chenyewe hukutolea baada ya kukupokea na kuona ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza. Kijana hana I-20. Basi hiyo ada inayolipwa sasa inalipia nini?

Na hapo kwenye ushahidi wa fedha ndipo ndoto nyingi hukwama. Mwaka mmoja katika vyuo vikubwa vya binafsi vya Marekani, ada pamoja na chakula na malazi, unapita dola 80,000. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 200. Mashine za boti zote za Mbwera zikiuzwa kwa mpigo, Shangazi ana wasiwasi kama zitafikisha miaka minne.

Mtoto wa mvuvi huwa anafikaje kule? Hulipiwa. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin haviangalii mfuko wa mwombaji vinapoamua kumpokea, hata akiwa ametoka nje ya Marekani, kisha hujaza pengo lote la gharama. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka haichangii kitu. Ushindani wake ni mkali mno: kati ya waombaji 100 wa Harvard, wanaopokelewa ni kama wanne. Lakini vyuo hivyo havina nafasi ya kuuza, na mwenye shida anaweza kuomba asamehewe ada ya maombi. Ushauri nao haununuliwi. EducationUSA, ofisi ya serikali ya Marekani iliyoko ubalozini Dar es Salaam, huwaelekeza waombaji bure.

Waliotangulia walipita njia hiyohiyo. Wangari Maathai, msichana wa kijijini Nyeri, alikwenda Kansas mwaka 1960 katika safari za wanafunzi zilizohangaikiwa na Tom Mboya, nauli zikichangwa na wafadhili, ikiwemo familia ya Kennedy. Alisoma baiolojia kwa ufadhili, akamaliza 1964. Kwetu hapa, Suleiman Nyambui alisomeshwa na mbio zake katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na akiwa mwanafunzi huko akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hasheem Thabeet aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 kwa kikapu. Watatu hawa chuo kiliwataka kwa walichokuwa nacho wao wenyewe.

Kwa sababu hiyo suala la kuandikiwa insha limemuuma Shangazi kuliko zile fedha. Chuo kikigundua kwamba insha si ya mwombaji, hufuta nafasi. Zaidi ya hilo, kijana huyu hana haja ya kuazima maneno ya mtu. Nyuma ya karatasi yake, kwa herufi ndogo, ameeleza jinsi babu yake alivyomfundisha mikoko: mkandaa wa boriti, mlilana wa mataruma ya mashua, mchu wa kuchongea mizinga ya nyuki. Ameeleza walivyokuwa wakilala kwenye dungu kulinda mpunga, na mwaka ambao maji ya chumvi yalipanda shambani na mpunga ukakauka umesimama. Mistari minane tu, na Shangazi aliisoma mara tatu. Hakuna wakala wa mjini anayeweza kuiandika.

Anasema anataka kusoma mambo ya bahari na mikoko. Delta yao ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki, na tangu Oktoba 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Masomo anayoyataka yanafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye kampasi ya Kunduchi na Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, iliyoanzishwa 1978. SUA ya Morogoro inafundisha ufugaji wa viumbe wa majini. Mwenye shahada nzuri ya kwanza anaweza kuitafuta Marekani ngazi ya uzamili, ambako mpango wa Fulbright huwalipia Watanzania. Nao hutumia viza ya J, hivyo kwa sasa umeguswa na tangazo lilelile. Miaka mitatu ya shahada ni muda wa kutosha wa kungoja na kuona.

Basi afanye hivi. Asitoe tena hata shilingi. Laki nane azidai kwa maandishi, na wakala akikwepa, apeleke risiti na ujumbe wa simu polisi. Aulize Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama wakala huyo yumo katika orodha ya waliosajiliwa. Dirisha la udahili likifunguliwa katikati ya mwaka aombe chuo, na palepale aombe mkopo Bodi ya Mikopo, HESLB. Ada ya maombi ya mkopo ni shilingi 30,000. Miongozo ya miaka ya karibuni imewapokea waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, kwa hiyo hajachelewa.

Imebaki haya ya bandarini. Shangazi anaijua, kwa kuwa kijijini jina likishabandikwa halibanduki upesi. Awaambie wenzake ukweli mara moja, kwa sauti, pale wanaposubiri boti: nilidanganywa, tumepoteza laki nane, mwaka huu naomba Dar. Yumkini katika wanaomsikiliza yupo mwingine ambaye baba yake naye anatafuta mnunuzi.

Na kwa baba, ambaye Shangazi anaamini atasomewa ukurasa huu: kaka yangu, nia yako ni njema na mtoto wako ana akili ya kutosha. Mashine iache kwenye boti. Mwanao atahitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam ifikapo Oktoba, na hiyo itatoka kwenye kamba.