Kupaka Ramani Rangi: Somo la Hisabati kwa Darasa la Sita

Utangulizi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja niliyekuwa nikimsimamia aliwaongoza wanafunzi wa darasa la sita kupaka rangi ramani ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sharti lilikuwa moja: nchi mbili zinazopakana zisipewe rangi moja. Rangi tatu zilitosha, naye akaandika ubaoni: "Ramani yoyote hutoshwa na rangi tatu." Msichana mmoja akaleta daftari lake, akaeleza kuwa kwa Malawi na jirani zake amehitaji rangi ya nne. Mwalimu akamwekea alama ya kosa na kumwambia ajaribu tena kwa uangalifu. Msichana akafuta kazi iliyokuwa sahihi. Nami nilikuwa nimelipitisha andalio lile la somo bila kuuliza swali hata moja.

Makala haya yanaeleza jinsi somo hilo linavyoweza kufundishwa ili mwanafunzi wa namna ile apongezwe badala ya kusahihishwa.

Shabaha ya somo

Mwanafunzi aweze kutofautisha kauli mbili: "nimejaribu nikashindwa" na "haiwezekani". Ya kwanza ni habari ya mtu. Ya pili hudai sababu.

Zana

Ramani ya Afrika, chaki, na kamba fupi. Pasipo kalamu za rangi, tumia mbegu: mahindi, maharage, choroko na karanga. Mbegu ina faida yake, kwani mtoto akikosea huiondoa bila kuchafua daftari.

Hatua ya kwanza: kutoka ramani hadi nukta

Kila nchi iwakilishwe na nukta moja. Nchi mbili zikipakana, nukta zake ziunganishwe kwa mstari unaovuka mpaka wao. Kugusana kwenye ncha moja tu si kupakana. Kila nchi pia iwe kipande kimoja. Angola, ambayo Cabinda yake imetengwa na eneo la Kongo, haifai kwa zoezi hili. Mchoro upatikanao unaweza kuchorwa bila mistari yake kukatana. Tuuite mchoro bapa.

Sasa wanafunzi wachore Malawi, Tanzania, Zambia na Msumbiji. Wataona kuwa kila moja inapakana na tatu zilizosalia. Hakuna mbili ziwezazo kushiriki rangi, basi rangi nne ni lazima. Hiyo ndiyo sababu; hapahitajiki kujaribu tena.

Kisha wachore Uganda na jirani zake kwa kuzunguka: Kenya, Sudan Kusini, Kongo, Rwanda, Tanzania, na kurudi Kenya. Mzunguko una nchi tano. Tukipokezana mahindi na maharage, Kenya itapata mahindi, Sudan Kusini maharage, Kongo mahindi, Rwanda maharage. Tanzania inapakana na Rwanda na pia Kenya, hivyo haiwezi kupata mojawapo, itapewa choroko. Uganda, inayopakana na zote tano, itapewa karanga. Waulize: mzunguko ungekuwa wa nchi sita, ingekuwaje?

Hatua ya pili: mchezo wa duara

Wanafunzi saba wasimame katika duara, kila mmoja akishikana kwa kamba na wa kulia na wa kushoto wake. Wengine waongeze kamba za kukatiza ndani ya duara, mradi zisikatane. Duara la wanne hupokea kamba moja ya ndani, la watano mbili, la sita tatu, la saba nne. Wanafunzi watambue wenyewe kuwa idadi ni pungufu kwa tatu. Mchoro huu, ambao nukta zake zote ziko ukingoni, tuuite mchoro wa ukingo.

Kwa mchoro wa ukingo rangi tatu hutosha daima. Sababu yake inafikika kwa mtoto. Tazama kamba ya ndani inayotenga watoto wachache kuliko zote. Miongoni mwa waliotengwa hakuna mwenye kamba ya ndani, kwa kuwa kamba hiyo ingetenga wachache zaidi. Basi daima yupo mtoto aliyeungana na wawili tu. Mwondoe, na jirani zake washikane. Rudia hadi wabaki watatu, uwape rangi tatu. Kisha warudishe mmoja mmoja kwa kinyume cha utaratibu wa kuwatoa: kila arudiye hugusa wawili tu, kwa hiyo rangi ya tatu ipo ikimngoja.

Tahadhari kwa mwalimu

Jirani wanaoizunguka nchi moja hufanya mchoro wa ukingo. Basi hao huhitaji rangi tatu tu, na nchi ya katikati huchukua ya nne. Mwanachuo anaweza kudhani kuwa amethibitisha kuwa rangi nne hutosha ramani nzima. Sivyo. Tumeipaka rangi nchi moja na jirani zake. Upakaji unaofaa hapa unaweza kugongana na wa nchi inayofuata.

Wakubwa pia wamejikwaa hapa. Francis Guthrie, ambaye baadaye alifundisha hisabati Afrika Kusini, aliuliza swali la rangi nne mwaka 1852 alipokuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza. Mwaka 1879 Alfred Kempe alitoa uthibitisho uliokubaliwa na wataalamu. Miaka 11 baadaye, mwaka 1890, Percy Heawood alionyesha kasoro ndani yake, huku akithibitisha kuwa rangi tano hutosha. Uthibitisho wa rangi nne ulipatikana mwaka 1976, kwa kazi ya Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakisaidiwa na kompyuta.

Heawood alifanya kazi ileile ya msichana wetu: alionyesha mfano ambao hoja iliyokubaliwa haikuuweza.

Hitimisho

Kabla ya kuandika neno "yoyote" au "daima" ubaoni, jiulize unalo sababu gani. Na mwanafunzi akileta daftari linalopinga ubao, usichukue kwanza kalamu nyekundu. Mwite mbele achore mfano wake, darasa zima liukague.

Maswali ya mwanachuo

1. Chora Rwanda na jirani zake wanne. Rangi ngapi zinahitajika? Je, Tanzania na Kongo zikihesabiwa kuwa zinapakana ndani ya Ziwa Tanganyika, jibu hubadilika?

2. Eleza kwa nini mpaka huo wa ziwani haubadilishi jibu la Uganda.

3. Andaa somo la dakika 40 kwa kutumia mchezo wa duara, ukionyesha swali utakalomwuliza mwanafunzi anayesema, "Mwalimu, hii haiwezekani."