Komando Hakuzaliwa Mkali: Mafunzo Niliyopata

Mtoto wa jirani yetu ana makovu manne kwenye paja la kulia. Ni meno ya mbwa wangu, Komando. Kila asubuhi anapopita mbele ya parseli yetu na bidoni ya maji, macho yangu huenda pale pale, hata akiwa amevaa suruali ya shule. Hapa Lubero, na Butembo vilevile, wengi wetu tunafuga mbwa kwa sababu moja: usiku ni mrefu na wezi wapo. Kwa hiyo tunataka mbwa mkali, tunaandika «Chien méchant» kwenye lango, tunalala tukijiona tumelindwa. Nami niliamini hivyo. Niliyojifunza baadaye nayaandika hapa, kwa kuwa mengine yaligharimu damu ya mtoto asiye wangu.

1. Nilimtoa kwa mama yake kabla ya wakati

Komando nilimnunua Butembo akiwa na majuma matano tu. Nilimleta kwa pikipiki ndani ya katoni ya sabuni, akilia njia nzima. Aliyeniuzia alisema mbwa akitolewa mapema atamjua bwana mmoja. Si kweli. Mtoto wa mbwa anatakiwa kukaa na mama na ndugu zake hadi majuma 8 hivi, maana pale ndipo anapojifunza kipimo cha meno. Akimuuma ndugu yake kwa nguvu, yule hupiga kelele na mchezo unakwisha. Akimzidishia mama, mama humkaripia. Halafu kuanzia juma la 3 hadi karibu la 14 ndipo anapozoea mambo ya dunia bila shida: watoto wanaokimbia, mzee mwenye fimbo, mama aliyebeba kuni kwa mkanda wa kichwani, ngurumo za pikipiki. Majuma hayo Komando aliyamaliza nyuma ya jiko, akitazama ukuta wa mbao.

2. Mnyororo na pilipili havileti ulinzi

Nilishauriwa nimtilie pilipili kwenye chakula ili apate hasira. Nilifanya hivyo mara mbili. Alihara, akakonda, na tangu hapo akawa anakikaribia chakula chake kwa mashaka, akimtolea meno yeyote aliyepita karibu na sahani. Mchana kutwa nilimfunga kwa mnyororo mfupi. Mbwa mwenye hofu huchagua kukimbia akiweza. Ukimfunga umemnyang'anya njia hiyo, umembakizia meno tu.

Mzee mmoja mwindaji, ambaye mbwa wake huingia msituni na kengele za mti shingoni, alimtazama Komando kwa muda akaniambia: «Huyu anakuogopa wewe kwanza. Mbwa mwenye kuogopa hakulindi, anajilinda mwenyewe.» Niliona ananidharau. Mbwa wake walikuwa wamelala miguuni pake, na usiku walikuwa wakibweka kabla ya mgeni kufika langoni. Kubweka huko ndiko ulinzi wenyewe. Mwizi anataka kimya.

3. Kunguruma ni ujumbe, na mimi niliufuta

Hili ndilo kosa langu kubwa kuliko yote. Kila Komando aliponguruma mbele ya mgeni, nilimpiga. Niliona ni adabu. Baada ya miezi akaacha kunguruma, nami nikajisifu kwamba nimemfundisha. Hofu ilikuwa haijamtoka hata kidogo. Nilikuwa nimemfundisha kutotoa taarifa.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, baada ya saa sita. Mtoto wa jirani, miaka 7, alikuja kuomba moto, kipande cha bati mkononi. Makaa yalikuwa karibu na kibanda cha Komando. Nilikuwa mlangoni, nikamwona Komando anasimama. Mwili wote ukakakamaa kama mti. Mdomo ukafungwa, akajilamba pua mara moja, weupe wa macho ukatokea pembeni. Hakubweka, hakunguruma. Mtoto alipoinama kuchota makaa, akaruka. Yale yote niliyoyaona kwa nafasi ya pumzi mbili yalikuwa maneno yake, nami sikuyasoma. Mbwa akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso, akijilamba pua bila chakula, akikaza mwili, anakuomba nafasi. Akinguruma, mshukuru na umwondoe mtoto.

4. Sabuni kwanza, maneno baadaye

Watu walijaa. Bibi mmoja alisema tuchome manyoya ya mbwa tupake majivu kwenye kidonda. Vijana walikuwa wameshashika mapanga wamuue Komando. Mke wangu hakumsikiliza mtu. Alimkalisha mtoto kwenye jiwe la kufulia, akachukua kipande cha sabuni, akamwambia mama wa mtoto: «Mama, mshike mguu, usimwachie.» Akaosha kwa maji yanayotiririka, bidoni nzima, kisha ya pili, dakika 15. Ndivyo inavyotakiwa. Kirusi cha kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate, na sabuni inakipunguza kabla hakijashika mishipa ya fahamu. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu kila mara ni kifo, na duniani watu kama 59,000 wanakadiriwa kufa hivyo kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Tangu 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, njia hiyo inajulikana.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Tulipanda pikipiki kwenda Butembo, mtoto katikati yetu, na gharama zote nikazibeba mimi, kama ilivyo haki. Veterineri ndiye aliyewazuia vijana. Alisema mbwa afungwe mahali pa salama, alishwe, atazamwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa na kirusi kwenye mate siku alipouma. Hata hivyo mtoto hakungojeshwa, sindano zilianza mara moja. Komando alibaki mzima. Usiku wa siku ya kumi ndipo nilipolala usingizi.

5. Hofu ina sababu, itafute

Mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, barabara ilijaa watu wakija kaskazini na vitu walivyoweza kubeba. Familia moja iliyofikia kwetu ilikuja na mbwa jike. Mlango ukibamizwa, alijificha chini ya kitanda, na mkono uliomfuata aliuuma. Watoto walimwita mchawi. Alikuwa amesikia risasi, hakuna zaidi. Tulimwacha chini ya kitanda chake, tukamwekea chakula mbali kidogo, hakuna aliyemvuta. Baada ya majuma matatu alitoka mwenyewe. Na mbwa aliyebadilika ghafla bila kisa, mtazame sikio, jino na mguu. Maumivu nayo huuma.

6. Komando alibadilika, ila si kila kitu

Nilimjengea uzio wa miti, nikauacha ule mnyororo. Kila mtoto alipopita mbali, nilimrushia samaki mdogo mkavu, sambaza mmoja. Mtoto akionekana, sambaza. Mtoto akiondoka, hakuna. Miezi minne baadaye, akimwona mtoto, alinigeukia mimi na mkia unatikisika. Niliona hivyo nikalia. Lakini sijamwacha peke yake na mtoto hata siku moja, na sitamwacha. Aliyekwisha kuuma anahitaji uzio maisha yake yote, na mwenye mbwa anayesema «huyu hawezi» anacheza na uso wa mtoto wa mwenzake.

Chanjo anapata kila mwaka. Ili kichaa kikome mahali, inatakiwa mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa, na peke yangu siwezi kufikisha hesabu hiyo kartiye nzima. Butembo kuna Université Catholique du Graben yenye kitivo cha tiba ya mifugo. Hatukosi watu wa kuwauliza. Cheti cha chanjo cha Komando nakitunza katika bahasha moja na karatasi za hospitali za mtoto yule. Wewe ndugu yangu, cha mbwa wako kiko wapi?