Somo la Bustani: Habari za Chungu katika Matuta ya Mboga



Kitabu cha Mithali, sura ya 6, chamtuma mvivu aende kwa chungu apate akili. Lakini mama aliyepanda mchicha na kabichi, akaamka asubuhi na kuona tuta lake limejaa chungu, hana nafasi ya kuwasifu. Mikono yake yawasha kwa kuumwa, miche yake imelegea, na moyo wake wasema, Nitafute dawa ya kuwaua wote. Neno hilo "wote" ndilo twataka kulichungua katika somo hili. Maana si kila chungu ni adui. Tena aliye adui hashindwi kwa hasira, ila kwa kuzijua desturi zake.

I. Mjue kwanza aliyeingia

Wazee wetu hawakuwaita chungu wote kwa jina moja, nao walikuwa na sababu.

Siafu huenda kwa msafara mrefu, nao hawakai mahali pamoja siku zote. Huonekana zaidi wakati wa mvua. Wakipita bustanini hawali mboga, bali hula viwavi, panzi, na funza walio udongoni. Basi waache wapite, kwa kuwa wanakufanyia kazi bila ujira. Lakini kuku anayeatamia, na vifaranga waliofungiwa, na mtoto mchanga aliyelazwa chini, wahamishwe upesi, maana siafu hawamhurumii kiumbe asiyeweza kukimbia. Majivu ya moto yakimwagwa mlangoni huigeuza njia yao.

Majimoto hukaa juu ya miti, nao huyashona majani kwa uzi utokao kwa watoto wao. Jina lao latosha kueleza maumivu yao. Hata hivyo ni askari wa mti. Katika Unguja, miaka ya 1950, wataalamu waliwachunguza wakaona kwamba mnazi ulio na majimoto hulindwa na wadudu wanaofyonza nazi changa. Basi usiwachome moto katika mwembe au mchungwa wako kwa sababu ya kuumwa siku moja.

Sisimizi ni wadogo, na wengi wao hujenga ndani ya udongo, hasa katika tuta lililokauka. Hao ndio wasumbufu wa bustani. Huchimba chini ya mizizi hata mche ukakosa kushika udongo, na wengine huchukua mbegu ndogo kabla hazijaota. Tena wengi wao ni wafugaji. Tazama chini ya jani la kabichi au la kunde, utaona vidukari, ndio chawa wa mimea. Kidukari hufyonza utomvu wa mmea na kutoa maji matamu. Sisimizi huyanywa maji hayo, na kwa ajili ya utamu wake huwafukuza wadudu wanaokula vidukari. Kwa hiyo mara nyingi jani lililojikunja halikuharibiwa na sisimizi mwenyewe, bali na ng'ombe zake.

II. Kazi yenyewe

Kwanza, ondoa ng'ombe, na mfugaji hatakuwa na sababu ya kukaa. Chukua lita 1 ya maji safi, utie kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji, ukoroge. Jioni, jua likiisha kupungua, nyunyiza chini ya majani mahali penye vidukari. Jaribu kwanza katika majani machache, ungoje siku moja, kwa kuwa mimea mingine haipendi sabuni. Rudia baada ya siku chache. Majani yaliyojaa sana uyakate na kuyachoma.

Pili, usiache tuta likauke. Mwagilia maji mengi mara kwa mara, na kulipiga jembe kabla ya kupanda, siku mbili tatu mfululizo. Sisimizi ambaye nyumba yake yavunjwa na kuloweshwa kila siku huchukua watoto wake akahama.

Tatu, kiota kilicho kando ya tuta, mbali na mizizi, hufaa kumwagiwa maji yanayochemka. Fanya asubuhi jua linapoanza kuupasha udongo, maana wakati huo wengi wao, pamoja na watoto wao, husogea juu. Maji yasiwe kikombe kimoja. Yapasa lita 10 au zaidi, yafike chini alipo malkia. Ukiwaua wafanya kazi ukamwacha malkia, umekata majani ukaacha shina. Huenda ikakubidi kurudia. Watoto wasikaribie, na maji hayo yasiguse mboga, kwa kuwa hayachagui.

Nne, majivu makavu huzuia njia yao, lakini yakinyeshewa nguvu hupotea. Yatie kidogo, maana majivu mengi hubadili udongo, mboga zisistawi. Mafuta ya taa, petroli, na mafuta machafu ya gari usiyatie kabisa. Huua chungu, ni kweli, lakini huua na udongo.

III. Mfano wa Marekani

Labda mtu atasema, Kwa nini tusinunue sumu kali, tukamaliza jambo hili mara moja? Na tuwatazame waliolijaribu. Katika miaka ya 1930 chungu wa moto, mwenye asili ya Amerika ya Kusini, aliingia Marekani kwa njia ya bandari ya Mobile, katika jimbo la Alabama. Akaenea sana. Mwaka 1957 serikali ya huko ilianza vita kubwa ya kumfuta, ikamwaga sumu za dieldrin na heptaklo kwa ndege juu ya mashamba na malisho. Ndege wa porini wakafa, na samaki, na wanyama wengi. Bibi Rachel Carson aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Na chungu wa moto je? Yupo katika majimbo ya kusini hata leo. Sumu iliwaua pia chungu wenyeji waliokuwa wakishindana naye, naye akarudi katika nchi iliyobaki tupu bila mpinzani. Dieldrin imo katika orodha ya sumu zilizokatazwa na mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001.

IV. Bustani na Amri ya Tano

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alihesabu shamba kuwa sehemu ya mkate wa kila siku tunaouomba. Naye alifundisha kwamba Amri ya Tano haikatazi kuua kwa panga tu. Yatuagiza tusiudhuru mwili wa jirani, bali tumsaidie. Basi, mtu akinyunyiza sumu katika mchicha leo, akauchuma kesho na kuupeleka sokoni, huku akiwakataza watoto wake wasiule, je, ameishika amri hiyo? Mnunuzi hawezi kuiona sumu katika fungu la mboga. Amemwamini muuzaji. Ikiwa sharti dawa itumike, na iwe ile iliyoruhusiwa kwa mboga, kwa kipimo kilichoandikwa, na siku za kungoja zitimizwe zote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sumu iliyomwagwa juu ya tuta hushuka mpaka mtoni, na maji ya mto twayanywa sote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni chungu gani wanaoonekana katika bustani zetu, nao wanafanya nini?
2. Mche ukinyauka, twatazama wapi kwanza?
3. Tunawezaje kumpenda jirani katika mboga tunazomwuzia?

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu.