Wasia kwa Chuo Kikuu na Haki ya Warithi

Ndugu yetu wa pwani mwenye kiwanja Nkoroi, katika Kajiado, aweza kutamani kiwanja hicho, baada ya kufa kwake, kiwe cha Chuo Kikuu cha Umma kilichoko Kajiado hiyo hiyo. Nia hii ni njema, kwani elimu yenye kunufaisha ni sadaka isiyokatika. Lakini jambo jema halijengwi juu ya haki ya mwingine.

Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua alitaka kutoa thuluthi mbili za mali yake, naye alikuwa na binti mmoja tu wa kumrithi. Mtume (s.a.w.) alimkataza, akamkataza na nusu, akamruhusu thuluthi, na hiyo nayo akasema ni nyingi.

Basi natupige hesabu. Maiti ameacha mali yote, pamoja na kiwanja, ya shilingi 3,700,000. Kwanza hutoka gharama za maziko, tuseme 100,000, kisha madeni, 600,000. Zilizobaki ni 3,000,000, na thuluthi yake ni 1,000,000. Ikiwa thamani ya kiwanja ni 1,500,000, zile 500,000 zilizozidi ni haki ya warithi. Haziendi chuoni ila kwa ridhaa yao, naye amekwisha kufa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, andika wasia ungali mzima. Taja kiwanja kwa nambari yake na chuo kwa jina lake, ushuhudishe watu wawili waadilifu. Wala usiwaache mjane na mayatima wako wakinyosha mikono kwa watu, kwa sababu ya sadaka yako.