INJINI NAYO HUPUMUA: SOMO LA BOMBA LA MOSHI LA MASHUA

Najua mtauliza: mwanafunzi wa Eastlands na mashua, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Mjomba wangu ni fundi wa jua kali kule Kariobangi Light Industries. Kazi yake ni kuchomelea ekzosi za matatu. Muhula uliopita mteja kutoka Homa Bay alimletea bomba la moshi la mashua yake ya mizigo. Injini ilikuwa imeishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi tititi, na jamaa alikuwa karibu kuiuza kama chuma kikuukuu. Mashua hiyo ndiyo ilimlipia mwanawe karo.

Kwanza tuelewe kazi ya injini. Huvuta hewa, huibana, huchoma mafuta, kisha hutoa moshi. Moshi usipotoka wote, hewa mpya hukosa nafasi. Mafuta hayachomeki sawasawa, nguvu hupungua na injini hupata joto kupita kiasi. Ni kama kupanda ngazi za ghorofa mbio ukiwa umefungwa leso mdomoni!

Je, ni nini humzuia huyu moshi?

(a) Bomba jembamba. Ukitoka inchi 2 hadi inchi 1, wengi hudhani njia imepungua nusu. La hasha! Kumbukeni hesabu ya eneo la duara: njia inayobaki ni robo tu.

(b) Kona kali. Moshi ukifika kona ya nyuzi 90 hugonga ukuta. Kona pana, iliyopinda polepole, huupitisha vizuri.

(c) Masizi na kutu ndani ya bomba.

Bomba la mteja yule lilikuwa na hayo yote. Mjomba aliondoa kipande chembamba kilichokuwa kimeungwa katikati, akabadilisha kona mbili na kukwangua masizi. Kila alipochomelea, alisugua ndani ili uvimbe wa chuma usibaki njiani.

Hata hivyo, mashua si matatu. Katika mashua nyingi, maji yaliyopoza injini humwagwa ndani ya bomba ili yapoze moshi. Kwa hiyo mahali maji yanapoingia lazima bomba liwe linateremka kuelekea nje. Likiinama upande wa injini, maji yatarudi hadi kwenye silinda. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikiyagonga, chuma kinachoishikilia hupinda na injini huwa imekwisha. Baharini, kama Mombasa na Lamu, chumvi nayo hula chuma upesi, hivyo bomba hukaguliwa mara kwa mara.

Hatari kubwa ni ufa. Ndani ya moshi mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala asiamke. Ukiona dalili hizo chomboni, zima injini na uwatoe watu kwenye hewa safi mara moja. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hapa hata ukuta hautajengwa, litachimbwa kaburi.

Nanyi mnaopenda mathree yenye kelele, sikizeni. Kukata sailensa siyo dawa ya injini dhaifu. Kama tatizo ni kona au masizi, yatabaki palepale, na kanuni za kelele zitakungoja barabarani.

Mteja alirudi Homa Bay na bomba lake begani. Baada ya majuma mawili alipiga simu kwamba mashua inavuta, moshi umekuwa mwepesi, naye hauzi tena.

ZOEZI
1. Bomba likitoka inchi 3 hadi inchi 2, njia ya moshi inayobaki ni sehemu gani?
2. Kwa nini bomba la mashua literemke kuelekea nje?