Kuupeleka Upepo wa Hanang Handakini

Basotu, wilayani Hanang, upepo haubishaniwi. Mwaka 2000 R.M.R. Kainkwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha utafiti kuhusu mwenendo wake na nguvu inayoweza kuvunwa pale. Mimi nilijaribu mifano midogo ya pangaboi la kuzalisha umeme katika handaki la upepo, nikiwaza nyanda zile za ngano. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Hewa haipunguzwi ukubwa. Unaweza kuchonga panga dogo mara 20 kuliko lile halisi, lakini unato wa hewa unabaki uleule. Ili namba ya Reynolds, yaani uwiano wa kasi na ukubwa dhidi ya unato, ilingane, upepo wa mita 8 kwa sekunde ungepaswa kufika mita 160, karibu nusu ya kasi ya sauti, na hapo hewa huanza kubanana na kipimo kinaharibika. Kwa kasi ya kawaida, hewa huachana mapema na mgongo wa panga dogo, nguvu ikapungua. Kwa hiyo mfano ukizembea handakini, usiukatie tamaa mtambo mkubwa. Ndiyo maana mwaka 2000 Wamarekani waliingiza pangaboi zima, kipenyo mita 10, katika handaki la NASA Ames lenye upana wa mita 36.6 na kimo cha mita 24.4. Sisi wa vyuo vya huku hatuna jengo la namna hiyo. Tunahitaji hesabu makini zaidi.

2. Linganisha mwendo wa ncha ya panga. Ncha ikikimbia mara sita ya upepo Hanang, na handakini iwe mara sita.

3. Kuta hutia chumvi. Pangaboi likijaza handaki, hewa hukosa njia ya kukwepea na matokeo hupanda. Yakivuka asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo, yaani kikomo cha Betz ambacho pangaboi lililo wazi haliwezi kukipita, anza kukagua kuta.

4. Handaki halina mlima wala pori. Katika shamba la ngano la Setchet, hukohuko Hanang, Kainkwa na mwenzake Kees Stigter walipima jinsi ukingo wa pori unavyopunguza upepo, wakachapisha mwaka 1994. Jambo hilo ni zito: kasi ikishuka asilimia 10, nguvu hushuka zaidi ya robo. Tena kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Kwa hiyo kabla ya kumwaga zege Basotu au Mbulu, mlingoti wa vipimo usimame hapohapo mwaka mzima, masika na kiangazi.